Nyumba ya Milango Mitatu na Muzee Wake

Bei ya ile nyumba niliambiwa nikiwa na pini mdomoni, na kidogo nizimeze.

Nilikuwa ninakunja pindo la gauni la mteja. Komisionere alisimama kwenye mlango wa chumba tunachoshonea, viatu vyake vyeupe vimeng'aa kana kwamba hakupita kwenye potopoto ileile ya matope tuliyopita sisi wote asubuhi. Komisionere, kwetu Bunia, ni yule kijana anayejua nani anauza, nani anapangisha, na nani anataka kuhama bila kuagana. Anakula kwa ulimi na kwa miguu. Alisema kuna nyumba ng'ambo ya mto Nyamukau, milango mitatu chini ya manjanja moja, yaani paa moja la bati, kiwanja chenye mti wa avoka, na bei yake ni bei ya pikipiki. Tena si pikipiki mpya. Ni ile iliyokwisha kubeba magunia kutoka Marabo miaka na miaka, mpaka taa yake inashikiliwa na kamba ya mpira.

Nilitoa pini mdomoni moja moja ili nipate kuuliza vizuri.

"Iko na nini?"

"Iko na milango tatu, dada."

"Nimekuuliza iko na nini. Hakuna mutu anauzisha milango tatu kwa bei ya pikipiki ya kuchoka."

Akaangalia viatu vyake. "Njo uone na macho yako. Miye naonyeshaka tu. Sielezake."

Nyumba za kupangisha hapa tunazihesabu kwa milango. Mlango mmoja ni chumba na kasebule, ni familia moja, ni jiko moja linalofuka moshi nje. Mama na mimi tumeishi kwenye milango ya watu tangu tulipofika mjini. Bayere mmoja, ndivyo tunavyomwita mwenye nyumba, alitutoa kwa sababu mama alipanda muhogo wa sombe, mboga yetu ya majani, chini ya dirisha. Mwingine alisema mashini yangu ya kushona inamsumbua kichwa, na yeye mwenyewe alikuwa na jogoo mwenye wazimu. Kila mara tulifunga godoro, tukabeba mashini kichwani, tukaenda kubisha mlango mwingine tukisema samahani.

Kwa hiyo mimi nilikuwa na ndoto, na sikuificha. Niliwaambia hata wateja wakati wa kuwapima kiuno. Nilitaka siku moja mtu anibishie mlango mimi, aseme: mama bayere, samahani. Wateja walicheka. Mimi pia nilicheka, lakini mimi nilicheka huku ninaweka akiba.

Akiba ile ilikuwa yetu yote, ya mama na yangu. Zamu yangu ya likelemba, mchango wetu wa kupokezana sisi wanawake wa mashini, ilikuwa inakaribia. Nikiuza na mashini ya pili, ile ninayowaazimisha wanafunzi wangu, pesa ingetosha. Ikipotea, tungebaki bila nyumba, bila akiba, na mashini moja inayokula uzi. Nililijua hilo vizuri. Watu hufikiri mtu anayecheka sana hajui kuhesabu hasara.

Jumamosi nilikwenda. Komisionere alinionyesha lango akakimbilia mteja mwingine, na mimi nikaingia na utepe wangu wa kushonea shingoni. Sikuwa na chombo kingine cha kupimia. Nilipima ukuta wa mbele kama ninavyopima mgongo wa mteja, nikipiga alama kwa chaki ya cherehani kila utepe unapoishia. Mbele palikuwa pamepakwa sima na rangi ya bluu mpaka kiunoni. Nyuma palikuwa matofali mabichi matupu, na ukuta wa mlango wa pili ulikuwa umevimba kama shavu lenye jino bovu. Manjanja ilikuwa imepata kutu, lakini kutu ya juu juu. Niligonga kila ukuta, nikasikiliza. Vyumba viwili vilikuwa vitupu, vikinukia panya na majivu ya zamani. Katika kile cha tatu alikaa mwenye nyumba, bibi mmoja mwembamba aliyeniambia nizunguke nitakavyo, kwa sababu miguu yake imekataa kutembeza watu.

Nyuma, karibu na mlango wa tatu, chini ya avoka, kulikuwa na sakafu ndefu ya sima, imeinuka kidogo kutoka ardhini, na juu yake muhogo umeanikwa. Jiwe lilikuwa limeingia kiatuni. Nikasukuma muhogo pembeni, nikakaa, nikavua kiatu.

"Mutoto yangu," sauti ikasema pole pole kutoka dirishani, "ule unakalia ni bwana yangu."

Niliruka, muhogo ukaruka na mimi. Nilimwomba msamaha bibi. Halafu, kwa sababu sikujua adabu ya jambo kama hilo inaishia wapi, nikageuka nikamwomba na mwenyewe: "Muzee, pardon."

Bibi alicheka mpaka akashika mbao za dirisha. "Haina neno. Alipendaka bugali. Ni yeye ananichungiaka muhogo. Kuku ziko zinamuogopa mpaka leo."

Tangu hapo nilimwita koko, jina tunalowapa bibi na babu. Niliokota muhogo wote, na kwa vile mchanga ulikuwa umejaa pale pamoja na majani ya avoka, nilipangusa ile sima yote kwa ncha ya kitenge changu kabla ya kuurudisha. Nilifanya vile kwa aibu tu, sikuwaza zaidi. Jirani alikuwa anachungulia kwenye uzio wa miti. Na kwetu kupangusa kaburi lisilo lako si jambo dogo. Hiyo ni kazi ya watoto wa marehemu. Kabla jua halijazama avenyu nzima ilikuwa inasema koko amepata binti.

Siku hiyohiyo aliniambia kwa nini nyumba ni rahisi. Wanunuzi walikuwa wamekuja, wenye pesa kunishinda mara nyingi. Kila mmoja alipofika nyuma aliuliza swali moja: muzee atatolewa lini? Mmoja alitaka kuchimba choo palepale. Mwingine, mwenye heshima kidogo, alitaka kumwaga sima ya baraza juu yake ili asionekane. Koko aliwafukuza wote, na kila alipomfukuza mmoja, bei ilishuka, kwa sababu habari zilitangulia mbele ya nyumba. Sasa ilimbidi aende Tchomia akakae kwa binti yake ziwani, miguu haimruhusu tena kuchota maji.

"Nauzisha nyumba," alisema. "Bwana siuzishe."

Nilirudi nyumbani ninaimba. Mama alisema nikiimba hivyo, basi kuna pesa inataka kutoka.

Wiki ile nilipima hasara kwa kila njia niliyoijua. Mvua iliponyesha sana niliacha kazi, nikavuka Nyamukau na mwavuli uliovunjika mbavu ili nione maji yanapita wapi. Watu waliojikinga chini ya vibaraza walinitazama kama mtu anayemfuata mume aliyemkimbia. Maji yalitoka juu ya avenyu, yakapinda kwenye lango, yakateremka upande wa jirani. Vizuri. Manjanja ilivuja mahali pawili tu. Ukuta uliovimba ulihitaji kubomolewa na kujengwa upya, na hilo nililiweka upande wa hasara. Mwenzangu wa mashini aliniuliza kama nitaweka muzee katika hesabu ya walokatere, wapangaji wangu, na atalipa lini. Nikamwambia yeye ndiye atakuwa mpangaji mzuri kuliko wote, hatagombana na mtu kwa ajili ya zamu ya choo.

Nilikuwa ninacheka hivyo mpaka siku baba mudogo alipokuja kula kwetu.

Baba mudogo ni mdogo wa marehemu baba yangu. Anauza mbao sokoni, na anasema kama anavyopiga misumari, haraka na kwa kugongomea. Mama alikuwa amekwisha kumweleza. Hakunisalimia vizuri.

"Rahisi ghali," alianza. "Nyama ya bei ya chini, uliza kwanza ilikufa na nini."

Nikamwambia niliuliza, na nilijibiwa. Nikamweleza ukuta, manjanja, maji ya mvua. Nikasema mizimu siiogopi.

"Nani amekuambia mizimu?" Alikata tonge la bugali, akalishika hewani. "Siogope ule mwenye kulala. Naogopa batoto yake. Karatasi inaungua. Karatasi panya inakula. Kaburi haiungue. Siku moja bajukuu batakuja, bataonyesha na kidole: nani analala pale? Koko yetu. Na weye uko nani? Ule mwenye kulala chini njo mwenye nyumba. Weye mwenye kulala kwa kitanda, weye njo mugeni."

Hakuna mtu katika mkoa wetu wa Ituri anayecheka maneno kama hayo. Hapa watu wakigombea shamba hawaanzi na karatasi. Wanaanza kwa kuuliza: wa kwenu wamezikwa wapi? Nimeona wazee wakishikwa mkono kupelekwa mashambani kuonyesha mawe ya makaburi, na kila jiwe lilihesabiwa kama neno. Baba mudogo alikuwa anasema kweli, na kwa sababu alikuwa anasema kweli nilikasirika.

Akaendelea. Ninunue pikipiki, bei ni ileile, nimpe kijana mwaminifu aiendeshe. Pikipiki haina mtu aliyezikwa ndani yake. Na tena, mutoto mwanamuke, na wazee hawa wa avenyu, wataniona kama kuku aliyeingia jikoni mwenyewe.

"Baba mudogo," nikasema, "kaburi ya kaka yako inaonyesha nini leo?"

Mama alisema jina langu, lile la nyumbani, kwa sauti ya kunizuia. Lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka.

Baba yangu amelala upande wa Marabo. Alikufa kwa homa, kitandani mwake, na tulimzika karibu na nyumba kama watu wote. Halafu vita vilikuja tukakimbia. Mama mmoja aliyerudi kule kutafuta mihogo yake alituambia kuna watu wengine sasa, wamelima mpaka kwenye msalaba, halafu msalaba nao haukuonekana tena. Hatukuwalaumu sana. Watu wanakula. Lakini tangu siku ile, nikiona mtu anapangusa kaburi, moyo wangu unakuwa kama kitambaa kilicholoweshwa.

"Kaburi ya kaka yako," nikarudia, maana kusimama katikati ya neno ni kubaya kuliko kulimaliza, "iko inatupatia shamba? Iko inafukuza nani? Baba analala chini ya muhogo ya batu, na siye tuko wageni huku. Miye sitakuwa ule mutu mwenye kulima juu ya baba ya mutu. Na sitakuwa ule mwenye kukimbia sababu ya kaburi. Nilikwisha kukimbia mara moja, inatosha."

Baba mudogo alirudisha tonge kwenye sahani. Alinawa mikono ingawa hakuwa amemaliza, akaaga, akaondoka. Mama alinigombeza kwa mdomo wangu, na alikuwa na haki. Baadaye, akiwa ameinamia sahani, bila kunitazama, aliuliza kama lile kaburi lina kivuli.

Nikasema lina mti wa avoka.

"Basi," alisema mama.

Lakini sikuwa mpumbavu. Neno la baba mudogo lilikaa kichwani mwangu kama sindano iliyovunjikia kwenye kitambaa. Huioni, lakini kila unapopitisha mkono inakuchoma. Nililigeuza siku kadhaa huku ninakanyaga mashini. Kaburi ni shahidi. Sawa. Anaweza kunishitaki siku moja. Lakini shahidi ni shahidi: kama anaweza kusema juu yangu, basi anaweza pia kusema kwa ajili yangu, mradi nimwite mapema, kabla wengine hawajamwita.

Nilirudi kwa koko nikampa sharti langu. Watoto wake wote waje. Kila mmoja asimame kwenye kaburi la baba yake, majirani wakisikia, aseme kwa mdomo wake mwenyewe kwamba nyumba imeuzwa, na imeuzwa kwa nani. Mimi pia nitasimama palepale niseme kwamba muzee hatatolewa, na watakuja kumwona siku yoyote. Baada ya hapo ndipo pesa itoke.

Koko alisugua magoti. Watoto wake walikuwa wawili. Binti wa Tchomia hana shida, alisema. Lakini yule kijana wake yuko Aru, anafanya kazi kwenye maroli ya mpakani, "na kichwa yake ni ile ya baba yake." Karatasi alikwisha kuitia mkono, aliituma kwa dereva. Kuja ni jambo lingine.

Komisionere alishika kichwa. "Dada, unataka kuharibu biashara. Mutu atoke Aru kwa kusimama mbele ya kaburi? Apige simu, ile inatosha."

"Simu haisimame kwa kaburi," nikamwambia.

Alitafuta njia nyingine. Akaleta habari kwamba kuna mfanyabiashara wa dhahabu anaizunguka nyumba, ana pesa mkononi. Huenda ilikuwa kweli. Wachimbaji wakipata, wananunua chochote chenye paa. Wanawake wa mashini walinishauri nifunge macho nilipe. Likelemba yangu ilikuwa imefika, pesa imekaa ndani ya mto wa mama, na mama alikuwa analala kichwa juujuu kama mtu aliyelalia mayai. Mimi nilikataa. Nilikataa nikiwa ninaogopa, lakini nilikataa.

Kijana wa Aru alikuja.

Alikuwa mtu mzima kuliko nilivyofikiri, mpana, mwenye koti la ngozi na vumbi la njia mpaka kwenye nyusi. Hakukaa. Dada yake alikuwa amefika kabla yake na samaki wa kukaushwa kwa moshi, na kiwanja chote kilinukia ziwa. Majirani walileta viti vyao. Shefu wa avenyu alikaa katikati na kofia yake. Komisionere alipanga chupa za soda mezani, na kifungulio alikishika mkononi, kwa maana kwetu soda ya mashahidi ikishafunguliwa na kunywewa, neno limefungwa. Hakuna anayerudi nyuma. Nyuma ya wote, mikono imefungwa kifuani, nilimwona baba mudogo. Hakuna aliyemwalika.

Binti wa Tchomia alianza. Alisimama kwenye kaburi, akasema baba, mama anakuja kwangu, nyumba tumempa huyu, akalia kidogo, akajifuta, akarudi kwenye kiti. Ilikuwa rahisi hivyo.

Kaka yake hakusogea. "Nilikwisha kutia mukono kwa karatasi," alisema. "Hii ingine ni ya nini? Tuko bibi-arusi?"

Watu walicheka. Shefu wa avenyu alisema kwa upole kwamba kweli, karatasi ipo, mihuri ipo, mashahidi wapo, na jua linachoma. Msichana asiwasumbue wageni, tunywe soda. Komisionere akainamisha chupa ya kwanza.

"Musifungue soda," nikasema.

Pesa ilikuwa tumboni, imefungwa ndani ya kitenge, na nilikuwa nimeikumbatia kwa mikono miwili. Nyuso zote ziligeuka. Niliona mama amefumba macho.

"Kaka," nikamwambia, "karatasi uliitia mukono Aru. Baba yako haiko Aru."

Hakuna aliyecheka tena. Alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi na mtoto, hajui arudishe au aache. Halafu akageuka, akazunguka nyumba peke yake. Tulikaa. Komisionere alikuwa bado ameishika chupa shingoni. Baada ya muda sauti ilitoka nyuma: aje yule fundi. Peke yake.

Nilimkuta amesimama miguuni kwa baba yake, kofia ya baridi mkononi.

"Siwezi kusema," aliniambia bila kunitazama. "Nikisema hapa, ni uongo."

Akanieleza. Karatasi aliitia mkono kwa sababu mama yake lazima aende mahali penye mtu wa kumchotea maji. Lakini moyoni alijiambia atarudi. Akipata pesa, atakuja na watoto wake, ataonyesha kaburi, na huyu mtoto wa mashini atatoka. "Nilisema, ni mutoto tu. Atatoka."

Maneno ya baba mudogo, neno kwa neno, yalikuwa yamesimama mbele yangu yamevaa koti la ngozi. Lango lilikuwa wazi na pesa ilikuwa bado tumboni mwangu. Ningeweza kupita katikati ya viti na kwenda zangu, na baba mudogo angekuwa na hadithi ya kusimulia mpaka kufa kwake. Lakini nilimtazama vizuri yule mtu. Hakuwa mwizi. Mwizi angesimama pale aseme haraka, anywe soda. Huyu alikuwa mtoto anayeogopa kumwacha baba yake kwa mgeni. Hofu ya namna hiyo nilikuwa ninaijua.

"Siku nitauzisha hii nyumba," nikasema, "weye njo wa kwanza nitaita. Nitasema vile mbele ya batu yote. Na ukija na batoto, batapata maji ya kunywa na kiti. Lakini mpaka ile siku, nyumba iko yangu. Sikuchungie. Iko yangu."

Jani la avoka lilianguka juu ya sima, na sote wawili tuliinama kuliondoa. Mkono wake ulitangulia.

"Mama ananiambia ulimukalia," alisema.

"Nilimuomba pardon."

"Akajibu nini?"

"Alinyamaza."

"Basi alikubali. Ule muzee, akikataa, ungesikia." Na akacheka, kicheko kifupi cha puani, cha kwanza tangu afike.

Aliwaita watu. Walikuja wamebeba viti, wakajipanga kati ya mlango wa tatu na uzio, na yeye akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kupiga kelele kushinda maroli: baba, nyumba tumeiuzisha. Ameinunua huyu binti. Weye unabaki, yeye anabaki, hakuna mwenye kumutoa mwingine. Kisha na mimi nikasema ya kwangu, na lile la kumwita yeye wa kwanza nikalisema mara mbili ili shefu wa avenyu alisikie vizuri. Nilipomaliza, kutoka nyuma mtu mmoja aliondoa kofia.

"Na miye nimesikia," alisema baba mudogo. "Miye wa upande yake."

Ndipo soda zikafunguliwa. Pesa nayo ikatoka tumboni, ikiwa na joto langu.

Koko alikwenda Tchomia. Ukuta uliovimba tuliuvunja na kuujenga tena. Baba mudogo alileta mbao, na hakuacha kunikumbusha kwamba ni mbao nzuri kuliko nyumba. Milango miwili ya mbele ilipata wapangaji upesi: mwendesha pikipiki na mke wake mja mzito, na mwalimu mmoja wa shule ya msingi mwenye vitabu na sufuria moja. Mlango wa tatu ulikataliwa. Watu walikuja, wakasifu chumba, wakafungua dirisha la nyuma, halafu wakakumbuka wana safari. Nilipunguza bei wakakumbuka safari vilevile. Hasara hiyo pia nilikuwa nimeipima, ila niliipima ndogo.

Basi mama na mimi tukahamia humo. Asubuhi mama anatoa ungo nje, anachambua maharagwe chini ya avoka, na nimemsikia akimsalimu mwenye mti: muzee, umeamka namna gani? Mara nyingine anamweleza habari za Marabo. Mimi siingilii.

Watu bado wananiambia nilinunua matatizo ya watoto wa watu. Inawezekana. Kijana wa Aru ana watoto, na watoto wake watakuwa na vichwa vyao. Siku moja wanaweza kuja na vidole vyao vya kuonyesha. Waje. Watanikuta hapa, nitawapa viti, na nitawaambia baba yao alisimama wapi na alisema nini, na majirani waliokuwa na soda mkononi watasema hivyohivyo.

Mvua kubwa ya kwanza ilinikuta ninashona. Nilikimbia nyuma kwanza kuutoa muhogo juu ya muzee usije ukaloa, nikawa ninaukusanya kwenye gauni la mteja, Mungu anisamehe, na nilipoingia nao ndani mlango ukabishwa. Alikuwa mke wa mwendesha pikipiki, tumbo mbele, beseni kichwani kama kofia.

"Mama bayere, samahani," alisema. "Manjanja inavuja juu ya kitanda."

Nikamwambia arudie. Alidhani mvua imenizuia kusikia, akarudia kwa sauti kubwa.

Kisha nikaenda kutafuta ngazi.